Bodi ya kiwandani au imebandikwa mtaani? Mwongozo kamili wa kukagua gari la spoti la zamani kabla hujatoa hela

Wadau hili swali limezidi sasa. Nikishika simu tu nakuta picha ya Subaru ya bluu imetanuka mafenda, au Skyline ina spoila ya maana nyuma, na chini kuna ujumbe "kaka hii ni orijino? jamaa anataka jibu leo". Na wengi wanauliza wakiwa wameshatoa advansi.

Kosa ni lile lile, mtu anaanza kukagua kile anachouziwa. Anasimama nyuma ya gari anaishika shika spoila, anapiga picha, anaridhika, wakati spoila ndo kitu rahisi kuliko vyote kubadilisha. Bodi adimu ya kiwandani haiji peke yake, inakuja na namba yake, vipimo vyake, breki zake na matundu yake, na aliyebandika mtaani hawezi kukumbuka vyote hivyo. Kwa hiyo tutaanza na karatasi, tutaingia uvunguni, spoila itasubiri.

## Vitu vya kubeba

Vingi unavyo nyumbani au unaazima kwa fundi:

- Sumaku ndogo, izungushie kitambaa laini isichune rangi ya watu
- Mashine ya kupima unene wa rangi, ile inayosoma chuma NA alumini (kwenye kasha lake tafuta Fe na NFe, za bei chee nyingi zinasoma chuma tu na hizo zitakudanganya mbele ya safari)
- Futi ya chuma ya mita 3 au zaidi
- Timazi ya fundi ujenzi, au kamba na nati nzito mwishoni
- Chaki
- Tochi ya mkononi, ya simu haitoshi, na kioo kidogo cha mkoba
- Jeki na stendi mbili
- Nakala ya kadi ya gari, cheti cha eksipoti cha Japani na karatasi ya mnada kama ipo

Nenda asubuhi. Saa saba mchana bati la Dar limeshakuwa kikaango, hutaweka mkono, na jua la utosini linaficha mawimbi ya puti (ile dawa ya kujazia na kulainisha bati). Gari liwe limeoshwa na limekauka, mana maji yanafanya rangi mbovu ionekane nzuri. Ukifika ukakuta linavuja maji "tumetoka kuliosha sasa hivi bosi", kaa usubiri likauke, hamna haraka.

## Hatua ya 1: Jua kiwanda kilitoa nini

Fanya hii nyumbani, kabla hujapanda bodaboda. Ukienda bila kujua orijino ikoje, muuzaji ndo atakufundisha, na we unajua atakufundisha nini.

Subaru Impreza 22B. Ilitoka 1998, Japani ziliuzwa 400. Ina milango MIWILI. Narudia, miwili. Ile ya milango minne yenye mafenda mapana ni kazi ya fundi, hata kama kazi yenyewe tamu. Upana ni milimita 1770 wakati Impreza ya kawaida ya kizazi hicho ni 1690, na injini ni EJ22 ya cc 2212, sio ya 2000.

Mitsubishi Lancer Evolution V. Nayo ni 1998, nayo upana ulitoka milimita 1690 ya Evo IV ukaenda 1770. Fenda za mbele na boneti ni alumini, mbavu za nyuma ni chuma. Chasisi inaanza na CP9A. Ikianza na CN9A hiyo ni Evo IV iliyovalishwa, na ikianza na CK ni Lancer ya kwenda kazini.

Nissan Skyline GT-R R32. Chasisi BNR32. Boneti na fenda za mbele ni alumini. GTS-t inayovalishwa nguo za GT-R inaanza na HCR32. Kuna toleo la NISMO (kitengo cha mbio cha Nissan) la 1990, zilitengenezwa 560 na kati ya hizo 60 zilibaki kwa ajili ya mbio. Hilo lina matundu ya ziada ya hewa kwenye bampa la mbele, mdomo mdogo juu ya ncha ya boneti na kipande cha ziada chini ya spoila ya nyuma, rangi ni kijivu cha KH2, na halina ABS wala waipa ya nyuma.

Nissan Fairlady 240ZG. Ilitoka 1971. Pua ndefu na mafenda ya kupachika kwa nje. Modeli ni HS30H, urefu milimita 4305 badala ya 4115 na upana 1690 badala ya 1630.

Skyline GT-R ya zamani ya milango miwili, KPGC10. Mafenda meusi ya kupachika yapo NYUMA tu, mbele hayakuwepo kiwandani. Injini ni S20. Ikiwa KGC10 bila hiyo P katikati, ilizaliwa na injini nyingine.

Porsche 911. Hapa mambo ni ya kodi za oda (code, yaani namba za vitu alivyoagiza mteja kiwandani, sio kodi ya serikali). M491 ni 911 Carrera ya kuanzia 1984 iliyoagizwa na bodi pana ya Turbo, pamoja na breki na miguu ya Turbo. M505 na M506 ni ile pua bapa yenye taa za kufumbua, zilikuwa za 911 Turbo yenyewe, 505 kwa Marekani na 506 kwa masoko mengine.

Andika kwenye karatasi mstari kwa mstari kila kitu kinachotakiwa kuwepo kwenye gari unaloenda kuona. Hatua hii imekamilika ukiwa na mambo kama nane ya kutiki, na angalau nusu yawe hayaonekani ukiwa umesimama nje ya gari. Ukiona orodha yako yote ni ya nje, rudi ukasome tena.

## Hatua ya 2: Namba kwanza

Magari ya soko la Japani hayana VIN (namba ya utambulisho wa gari) ndefu ya herufi 17, yana namba ya fremu fupi, ndo hiyo hiyo namba ya chasisi, modeli alafu deshi alafu tarakimu. Kwa kawaida imegongwa kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi, na kuna kibati chumba cha injini kinachoonyesha modeli kamili, kodi ya rangi na gia boksi.

Soma ile iliyogongwa kwenye chuma, sio kibati. Kibati kinashikwa na riveti mbili tu na kinaweza kuhama gari. Alafu linganisha vitu vitatu: chuma, kibati, kadi. Viwe sawa herufi kwa herufi.

Kodi ya rangi usiiruke. Mtu anakuuzia NISMO ya 1990, kibati kinasoma rangi nyekundu, hapo mazungumzo yameisha na hujainama hata mara moja.

Kwa Porsche ya miaka ya 80 angalia nafasi ya 7, ya 8 na ya 12 kwenye VIN. Ukisoma 9, 1 na 1, hiyo ni 911. Ukisoma 9, 3 na 0, hiyo ni 930, yaani Turbo. Kwa hiyo pua bapa ya M505 lazima isome 930. Ila M491 itasoma 911 kama Carrera yoyote ile, VIN haitakusaidia, unahitaji stika ya kodi za oda ambayo ipo chini ya kifuniko cha mbele, na nyingine ndani ya kitabu cha huduma. Stika hizi zinachapishwa upya siku hizi, kwa hiyo stika mpya inayong'aa kwenye gari la miaka 40 isikupe furaha yoyote. Omba kitabu. Kama hakipo, Porsche wenyewe wanatoa cheti cha taarifa za gari kwa kutumia VIN, ni cha kulipia, na muuzaji anayetaka bei ya M491 alipie yeye.

Onyo: ukikuta eneo la namba lina alama za graindi, au kuna kipande cha bati kimechomelewa kukizunguka, ondoka. Usianze kupunguziwa bei. Hilo sio suala la bodi tena hilo ni la polisi.

## Hatua ya 3: Cheti cha eksipoti, hapa ndo watu hawaangalii kabisa

Hii hatua haina gharama na sijui kwa nini kila mtu anairuka. Gari likitoka Japani linafutwa usajili na kupewa cheti cha eksipoti, nakala yake wakala wa forodha aliitumia kutoa gari bandarini. Kwenye kile cheti wameandika urefu, upana na kimo cha gari kwa sentimita.

Sasa fikiria. Muuzaji anasema 22B, cheti kinasema upana 169. Lile gari lilipanda meli likiwa Impreza nyembamba, likanenepa likiwa hapa hapa mjini. Ingekuwa 22B ingesoma 177.

Angalia pia kisanduku cha modeli. Ukikuta baada ya kodi ya modeli kuna herufi hii 改, maana yake Wajapani waliisajili kama gari lililobadilishwa. Kule ukiongeza upana zaidi ya sentimita 2 kwa kitu cha kudumu unatakiwa kulipeleka likakaguliwe upya. Kwa hiyo upana wa 177 ukiwa na 改 pembeni sio ushahidi wa kiwanda, ni ushahidi wa fundi wa Japani aliyefuata sheria.

Kama kuna karatasi ya mnada, tafuta maneno mawili tu. 純正 ni kitu cha kiwandani, 社外 ni cha kununua nje. Alafu tazama mchoro wa gari: W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, XX ni paneli iliyobadilishwa, na grade ya R au RA ni gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. XX kwenye fenda ya mbele ya gari adimu ni swali kubwa, mana fenda mpya waliitoa wapi na ni ya aina gani?

Karatasi za mnada zinachezewa sana kwenye simu. Usikubali picha iliyokatwa kingo, na namba ya chasisi ya kwenye karatasi ifanane na ya kwenye chuma.

Muuzaji akisema makaratasi yalipotea, sawa, yanapotea kweli, gari limepita mikono mitano. Ila bei nayo ipotee kidogo.

## Hatua ya 4: Pima upana kwa timazi

Gari liwe kwenye sakafu ya zege iliyonyooka, matairi yametazama mbele. Shusha timazi kutoka sehemu pana kabisa ya fenda ya nyuma kushoto, ncha ikitulia weka alama ya chaki. Fanya hivyo kulia. Kisha sogeza gari mbele, na upime kati ya alama na alama. Ukipima gari likiwepo, futi inapinda kwenye tairi na utapata namba ya uongo. Vioo vya pembeni havihesabiwi.

Rudia kwa fenda za mbele. Tofauti ya milimita 5 au hata 8 isikutishe, bodi la zamani na mkono wa binadamu. Unachotafuta ni tofauti ya 80, hiyo haifichiki.

Elewa kipimo hiki kinafanya kazi upande mmoja. Kikikataa, gari sio. Kikikubali, bado hujui kitu, mana kit nzuri (seti za bodi za kubandika) zinatengenezwa kwa kipimo kile kile cha kiwanda. Twende mbele.

## Hatua ya 5: Sumaku, na mtego wake

Hapa ndo panapofelisha watu kuliko kote. Mtu kasikia "fenda za mbele za Evo V ni alumini, sumaku haishiki", anaenda, anaweka sumaku, haishiki, anaruka kwa furaha. Kaka, kwenye faiba sumaku nayo haishiki! Na fenda za kit nyingi ni faiba. Puti nene nayo inazuia sumaku kushika.

Fanya hivi:

1. Anza na dari ya gari. Dari haigongwi ovyo na mara nyingi ndo rangi ya zamani kuliko zote. Pima sehemu tano kwa mashine, hiyo ndo rula yako. Rangi ya kiwanda kwa kawaida inacheza kati ya maikroni 80 na 180.
2. Pima fenda ya mbele. Mashine ikisoma namba kwenye NFe, chini kuna alumini. Isiposoma kitu chochote, si chuma si alumini, umeshika faiba.
3. Gonga kwa kiungo cha kidole. Alumini inalia kama sufuria, faiba inatoa mlio mfu. Sikio likizoea hutahitaji hata mashine.
4. Ingiza mkono nyuma ya ukingo wa fenda, alafu mulika na kioo. Alumini ya kiwandani ni laini, imepakwa rangi mpaka ndani na ina mikunjo ya mashine. Faiba ina nyuzi, inakwaruza vidole, na wengi huwa hawapaki rangi upande usioonekana.
5. Malizia na mbavu za nyuma. Kwa R32 GT-R na Evo V hapo ni chuma, kwa hiyo sumaku ISHIKE. Tembeza kuanzia mlangoni mpaka kwenye taa, polepole. Sehemu itakayoteleza ghafla ina puti chini, na mashine ikisoma elfu moja kwenda juu unaangalia puti, sio rangi.

Rangi ya maikroni 300 haimaanishi gari feki, linaweza kuwa limepigwa rangi upya tu, jua letu linachubua rangi na hilo halikwepeki. Unaangalia mpangilio. Gari zima 250 ni rangi mpya. Dari 120, milango 130, alafu mbavu za nyuma zote mbili 900 kulizunguka tairi, hapo mtu alitanua.

Matokeo mazuri kwa Evo V ni: boneti na fenda za mbele sumaku inakataa na mashine inasoma alumini, nyuma sumaku inashika, namba hazirukiruki.

## Hatua ya 6: Ingia uvunguni

Pandisha gari, weka stendi (jeki peke yake usiingize hata mkono), toa tairi la nyuma. Ukiruhusiwa toa na plastiki ya ndani ya fenda. Muuzaji mwenye gari la kweli hakatai, wengine wanakuletea na bisibisi.

Mulika pale bati la nje linapokutana na la ndani. Kiwandani zile bati mbili zimebanwa kwa vidoa vya duara vya kuchomelea, vimepangana kwa umbali unaokaribiana, na juu yake kuna gundi ya kuziba maungio. Kazi ya mtaani utaona mstari wa welding umefura, alama za graindi, au bati limekatwa kwa mkono na ukingo una meno meno. Angalia upande wa pili ulinganishe, roboti hachoki ila fundi mchana ameshachoka, kushoto na kulia havifanani.

Dawa nyeusi ya kuzuia kutu ikiwa mpya na nene kwenye fenda za nyuma tu wakati uvungu wote mwingine ni wa zamani una vumbi, jiulize inaficha nini. Kwangu mimi hiyo ni sababu ya kusimamisha biashara mpaka ikwanguliwe sehemu ndogo ya kiganja.

Kwa mafenda ya kupachika kama ya 240ZG, pitisha kidole kwenye ukingo wa juu, pale plastiki inapolala juu ya bati. Hewa ya chumvi ya pwani inajibanza pale na kula kimya kimya, gari lililolala Kigamboni au Masaki miaka kadhaa linaweza kuwa orijino kabisa na bado fenda imebaki rangi tupu bila bati. Ukiona malengelenge kando ya riveti, ujue chini hali ni mbaya kuliko juu.

## Hatua ya 7: Sasa spoila

Fungua buti, nyanyua kapeti, mulika kifuniko kwa ndani.

Tundu la kiwandani ni safi, ukingo umepakwa rangi ya gari, na mara nyingi bati la pale limeongezewa nguvu kwa kipande cha pili. Tundu la drili lina ukingo mkali, chuma kitupu au kutu ya rangi ya chai, na wakati mwingine utaona tundu lilikosewa likatobolewa lingine pembeni yake, lile la kwanza limezibwa na silikoni. Ukiona hivyo huhitaji kuuliza kitu.

Kama spoila ina taa ya breki, fuata waya wake. Wa kiwandani unaishia kwenye soketi na umeshikwa na klipu njia nzima. Uliounganishwa mtaani umechunwa na kusokotwa na waya wa taa ya kawaida na kufungwa tepu nyeusi ambayo kwa joto letu imeshayeyuka inanata vidole.

## Hatua ya 8: Vitu vinavyosafiri na bodi

Bodi pana ilikuwepo ili kubeba kitu. M491 bila breki za 911 Turbo ni ganda. Evo V GSR inatakiwa iwe na breki za Brembo. NISMO ya 1990 ikiwa na ABS, kuna maelezo yanatakiwa. KPGC10 bila S20 inaweza kuwa halali, injini zile zilikufa nyingi, lakini hapo unanunua chasisi na sio gari zima.

Peleleza kwanza kama breki zilihamishwa tu. Sehemu za mguu za rangi moja na umri mmoja ni dalili nzuri. Kaliper inang'aa nyekundu mpya alafu bomba zake zimeungwa ungwa, ni kazi ya juzi.

## Kwenye bei

Kit sio dhambi. Kuna Impreza za milango minne hapa mjini zimetengenezwa vizuri kuliko zilivyotoka kiwandani na ningeendesha moja kesho. Ila lipa bei ya kit. Chukua bei ya gari la kawaida la mwaka ule, jumlisha kazi ya bodi na rangi, hapo ndo ukomo wako, yale maneno ya "adimu" hayana shilingi ndani yake. Kama linatoka nje bado halijafika, piga na hesabu ya ushuru wa uchakavu kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujakubaliana chochote, gari la umri huu linakutwa na hiyo.

Likiwa la kweli, mkataba uandikwe namba ya chasisi na ile oda ya kiwandani kwa jina lake, "inauzwa ikiwa na bodi pana ya kiwandani M491", sio "Porsche nyeusi". Muuzaji akigoma kuandika alichokuwa anakisema kwa mdomo saa nzima, jibu umepata.

Na ukishalinunua, kabla halijaingia gereji ya bodi, iwe Tabata au Gerezani, piga picha ya kila kitu ulichokiona kwenye hatua ya 2, 6 na 7, na tarehe iwe inasomeka. Fundi rangi akianza kazi atapaka juu ya kibati, ataziba vidoa vya kuchomelea na atang'oa stika ili "kazi itoke safi". Mwambie mapema vibati vifunikwe kwa tepu ya karatasi, stika zisiguswe, na fenda orijino ikitolewa isiuzwe chakavu, uondoke nayo nyumbani siku hiyo hiyo.